Uso Wako, Mfuko Wako

Nsss! Wandugu, mimi nimechoka kuangalia chupa za maji.

Ndiyo, chupa za maji. Washa televisheni yoyote ya kwetu, iwe ya Butembo iwe ya Beni, saa ya habari, uone kama nasema uongo. Taarifa inafunguliwa kwa meza ndefu iliyotandikwa kitambaa, juu ya meza chupa za maji zimejipanga, nyuma ya chupa wamejipanga wakubwa. Warsha imefunguliwa. Kamera inaanzia kushoto, inasalimia chupa moja baada ya nyingine, inafika kwa meya, inatulia hapo, inarudi ilikotoka. Msomaji anataja majina na vyeo, bila kumsahau mchungaji aliyefungua kwa sala. Warsha yenyewe ilihusu nini? Subiri. Kabla hujajibiwa, picha imeshahamia kwenye warsha nyingine, hii inafungwa leo, na chupa ni zilezile ila zimenywewa nusu. Dakika ishirini hizo, kwaheri. Na wewe unajua, maana umepita hapo kwa miguu yako, kwamba kidaraja cha mtaani kwenu kimebomoka na mamotari wanavusha pikipiki kwa kubebana.

Kidaraja hakikuonekana. Kingeonekanaje? Kidaraja hakina bahasha.

Hapo ndipo benchi letu la kijiweni linapoanza kusonya. Na sisi wa Butembo kwa kusema hatujambo, usituone hivi. Mji huu una vijiwe vyenye majina yanayojulikana mpaka Kinshasa. Kuna Parlement debout ya Furu, bunge la watu wanaojadili mambo ya nchi wakiwa wamesimama wima, bila kiti wala posho. Kuna Véranda Mutsanga, vijana wa harakati ambao jina lao lenyewe limetoka verandani. Kwa hiyo maneno tunayo. Kisichopatikana ni mtu wa kuelekeza kamera kule maneno yanakotoka.

Wazee wenzangu mtasema afadhali ya zamani. Zamani gani, jamani? Televisheni ya nchi hii ilianza Kinshasa mwaka 1966, Mobutu akiwa ndiyo kwanza ameketi. Kabla ya habari, waliokuwa na seti wanakumbuka: mawingu yanafunguka, na katikati ya mawingu anatokea Mobutu mwenyewe, anateremka toka mbinguni kila jioni kama vile wahyi. Hiyo ndiyo ilikuwa alama ya kufungulia habari! Leo tunalalamika kwamba meya anaonekana sana. Meya wa leo angalau anaonekana akiwa amekaa chini, kwenye kiti cha plastiki.

Na hata hiyo televisheni ya Kinshasa haijawahi kujua sisi tunaishi saa ngapi. Nchi hii ina saa mbili tofauti, ya magharibi na ya mashariki, na sisi tuko mbele kwa saa moja. Kwa hiyo msomaji wa Kinshasa anapofungua habari yake ya saa mbili usiku kwa bashasha, huku kwetu ni saa tatu, mama ameshafunika sufuria, watoto wanasinzia, na mafuta ya jenereta yanahesabiwa. Zaidi ya kilomita 1,500 zinatutenganisha, msitu katikati, barabara ya kufika moja kwa moja hakuna. Halafu unaambiwa hiyo ni televisheni ya taifa. Sawa. Taifa limelala.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu akajitokeza, machozi yakimlenga mbele ya kamera, akatangaza kwamba chama kimoja basi. Kuanzia hapo midomo ikafunguka. Sheria ya habari ya tarehe 22 Juni 1996 ikafungua na mlango, kila mwenye uwezo aanzishe chombo chake. Ni kama vile mlango ulifunguliwa upepo ukiwa nje unasubiri, maana mwaka huohuo vita vikaanza. Mei 1997 Mobutu akaondoka, ile OZRT, televisheni ya taifa ya Zaire, ikabadilishwa jina ikawa RTNC, mawingu yakafutwa. Mwaka uliofuata vita vingine tena. Beni ikawa makao ya waasi wa RCD-K/ML wa Mbusa Nyamwisi, na mpaka 2003 sisi na Kinshasa tulikuwa nchi moja kwenye ramani ya shuleni tu. Forodha ya Kasindi, mpakani na Uganda, ilikuwa yetu, askari walikuwa wetu, shida zilikuwa zetu.

Mtu aliyekatwa na nchi yake anatafuta sikio lake mwenyewe. Kwa hiyo redio kwanza. Jimbo katoliki la Butembo-Beni lina Radio Moto, na hakuna mama wa soko asiyeijua. Tarehe 25 Februari 2002 Umoja wa Mataifa ukatuletea Radio Okapi, watu wakaanza kusikia Goma, Kisangani na Kinshasa katika taarifa moja, wakashangaa kumbe wote wako hai. Kisha ikaja tamaa. Mwenye redio akaangalia jina la kituo chake, akaona hapo katikati pana nafasi ya kuchomeka neno «télévision». Leo Beni kuna Radio-Télévision Graben, kuna Radio-Télévision Rwanzururu, na RTNC nayo ina matawi yake Beni na Butembo. Sikia majina hayo: moja limechukua bonde lote la ufa, jingine limechukua mlima wote wa Ruwenzori na historia ya ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka. Majina ya kutisha! Ukifika ndani ya vituo vya huku kwetu, kwa kawaida unakuta chumba kimoja, pazia la buluu, kamera moja na kijana mmoja ambaye ndiye mpiga picha, ndiye fundi, na Jumapili ndiye mwimbaji.

Simcheki kijana huyo. Namcheka mwenye nyumba. Maana huku kwetu televisheni ni ya aina tatu: ya kanisa, ya mfanyabiashara, na ya mheshimiwa. Ile ya mheshimiwa ina majira yake. Uchaguzi ukikaribia, mlingoti unachomoza kilimani, rangi mbichi, vijana ishirini wanaajiriwa kwa maneno matamu. Mheshimiwa anaonekana asubuhi akipanda mti, mchana akiukumbatia, jioni akieleza kwa nini aliupanda. Akishinda, anahamia Kinshasa na ufunguo wa chumba cha vifaa. Akishindwa, mnh, mlingoti unabaki unashika kutu na wale vijana ishirini wanaanza kudai mishahara ya tangu mwanzo. Kulikuwa na mamlaka ya habari wakati wa serikali ya mpito, ikaja CSAC kwa sheria ya Januari 2011, na kazi yao ni kuangalia vituo vinasema nini. Hakuna aliyepewa kazi ya kuangalia vituo vinakula nini.

Tuje sasa kwenye mafuta, maana hapo ndipo ukweli unapolala.

Umeme wa uhakika huku kwetu ni mgeni wa juzijuzi, na hata sasa hajabisha hodi kwenye kila avenyu. Miaka na miaka Butembo, mji wa wafanyabiashara wanaokwenda Dubai na Guangzhou na kurudi na makontena, ililala gizani ikiwa na pesa mfukoni. Televisheni ikaishi kwa jenereta, na jenereta inakunywa. Ukinyamaza nyumbani ulikuwa unaisikia ikinguruma nyuma ya sauti ya msomaji, ndani ya habari yenyewe. Sisi watazamaji tulishaisomea lugha yake. Ikinguruma sawasawa, tulia. Ikianza kukohoa, ujue waziri hatamaliza sentensi. Msomaji naye anaijua vizuri kuliko wewe, kwa hiyo anaanza mbio: Umoja wa Mataifa kwa pumzi moja, Kinshasa nusu pumzi, vita vya Mashariki ya Kati vinamezwa vizima. Halafu, mara, anapunguza mwendo. Sauti inashuka, inakuwa tamu, kila herufi inapata haki yake. Ameshika tangazo lililolipiwa. Hata giza liwe mlangoni, tangazo la duka la mabati litasomwa lote, pamoja na namba ya mlango.

Nawaambia, mtu akitaka kujua uchumi wa habari asiende chuo. Asikilize jenereta na kasi ya msomaji.

Na tukishaipata hiyo picha, nani kasema tutaiona? Butembo ni vilima juu ya vilima. Mawimbi ya televisheni yanakwenda moja kwa moja, hayapindi kona kumfuata mtu bondeni. Ndiyo maana avenyu moja inaona, ya pili inasikia tu, ya tatu inaona theluji. Tiba tunayo: mti wa kalitusi mrefu, antena juu, mtoto chini. «Pinda kidogo! Rudisha! Hapohapo, usiachilie!» Na mtoto haachilii. Baba ndani anaona mpira, mtoto nje ameshika mti, na goli likifungwa anaulizia dirishani nani kafunga. Beni, kilomita hamsini na kitu tu kutoka hapa, ni dunia nyingine, na ili kushika kituo chao unahitaji kilima, dua na kalitusi refu kuliko la jirani.

Nchi nyingi zilikubaliana kwamba kufika tarehe 17 Juni 2015 televisheni za zamani zizimwe, watu wahamie dijitali. Tarehe ilifika, ikapita, ikatuaga kwa mkono. Wenye uwezo wakanunua masahani, na masahani yakatuletea Azam kutoka Dar es Salaam. Sasa mjukuu wangu anajua kikosi cha Simba na cha Yanga mpaka mchezaji wa akiba. Muulize AS Nyuki wa Butembo watacheza lini, anakutazama kama umemuuliza habari za Wareno. Kosa lake? Simba anamwona kwa kamera nyingi, marudio ya polepole, wachambuzi wenye tai. Nyuki akionyeshwa na televisheni ya kwetu, kamera ni moja, imesimama usawa wa katikati ya uwanja, na goli linapoingia picha inatikisika kwenda angani kwa sababu mpiga picha ni shabiki.

Halafu filamu! Hapo kijiwe chote kinashika kichwa. Usiku wa saa nne kituo fulani, nisikitaje, kinaweka filamu ya Kichina. Unaona kwanza meza ya kompyuta na picha ya harusi ya fundi. Unaona kishale kinatembea, kinatafuta, kinafungua folda, kinakosea, kinafungua mahubiri ya askofu, kinafunga, kinafungua filamu. Filamu inaanza. Katikati ya mapigano, dirisha dogo linajitokeza pembeni kuujulisha mji mzima kwamba kinga ya virusi imekwisha muda wake. Kung-fu inaendelea nyuma ya onyo. Hakuna anayeliondoa, fundi amelala. Mpaka asubuhi sote tunajua afya ya kompyuta ile kuliko afya ya bajeti ya mji.

Lakini ngoja, tusiwe wanafiki. Mnajua kipindi gani kinapendwa kuliko vyote? Matangazo. Matangazo ya vifo, ya harusi, ya vitu vilivyopotea, ya watu wanaotafutwa. Hapo nyumba inanyamaza, hata kijiko kinasimama kwenye fufu. Na ndipo vichekesho vyetu sisi Wanande vinapotoka, maana sisi majina yetu yanagawiwa kwa zamu ya kuzaliwa. Televisheni inasema: Kambale aliyeko Butembo anaombwa afike nyumbani haraka, mama yake mgonjwa. Basi! Ma-Kambale wa mji mzima wanainuka pamoja. Kila mmoja ana nyumba, kila mmoja ana mama. Simu zinapigwa mpaka mtandao unazidiwa.

Na tangazo la kifo siku hizi ni ripoti ya biashara. Wanaanza na waliofiwa: Kasereka aliyeko Guangzhou, Paluku aliyeko Dubai, Masika aliyeko Kampala mwenye duka la vitenge, mkwe aliyeko Brussels, na familia zote zilizoungana nao kwa damu, kwa ndoa na kwa makontena. Orodha inapanda ndege, inatua, inapanda tena. Jina la marehemu limewekwa mwisho, na mwishoni ndipo jenereta inapokohoa. Kijijini watu wanaanza kulia bila kujua wanamlilia nani. Wanachojua kwa hakika ni kwamba Masika ana duka Kampala.

Sasa uliza: haya matangazo analipa nani? Sisi. Harusi analipa nani? Sisi, na tunataka gari la bwana harusi lionyeshwe mara tatu. Na habari analipa nani? Hapo benchi linaangalia pembeni.

Ndiyo hiyo inayoitwa coupage. Waandishi wa Kongo nzima wanalijua neno hili kuliko salamu. Ukimwita mwandishi kwenye shughuli yako, baada ya chupa za maji unampa bahasha, eti nauli. Asiyetoa bahasha habari yake inabaki kwenye kamera, inalala humo mpaka inafutwa ili kupata nafasi ya harusi. Tunasema aibu, waandishi wananunuliwa! Nsss! Lakini kijana huyo ana miezi hajui mshahara una rangi gani, ana mke, ana kodi ya nyumba, na mwajiri wake anamwambia jina la kituo ndilo mshahara: shika kadi, nenda ukajitafutie. Anajitafutia kwa nani? Kwa mwenye bahasha. Mwenye bahasha ni nani? Mwenye warsha. Haya, tumerudi kwenye chupa.

Miaka ya Ebola tuliliona hili kwa macho makavu. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukaanzia Mangina, ukashika Beni, ukapanda Butembo na Katwa. Mpaka unatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa. Riposti, yaani timu za kupambana na ugonjwa, ilikuja na magari ya kukodi kwa dola, hoteli zikajaa, na watu wakabuni neno la kejeli, biashara ya Ebola. Vyombo vya habari vikapata matangazo ya kulipiwa: nawa mikono, usiguse maiti, piga simu. Ushauri mzuri, nani anakataa? Ila mtu aliyezoea kwamba anayeonekana ndiye aliyelipa, akiona daktari kila saa kwenye kioo anajiuliza huyu amelipa ngapi na anauza nini. Mazoea ya bahasha yalizaa ukaidi, na ukaidi ukachimba makaburi. Sicheki hapo.

Nacheka kidogo tu kwa lililofuata, maana tusipocheka tutapasuka. Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya uchaguzi, tume ikatangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura, sababu Ebola na usalama. Makanisa wazi, masoko wazi, shule wazi, kura ndiyo inaambukiza! Kura yetu ikasogezwa hadi Machi 2019. Rais akatangazwa Januari, akaapishwa tarehe 24 Januari. Yaani tuliambiwa tuje kuchagua wakati mshindi ameshazoea kiti. Zaidi ya watu milioni moja, hivihivi. Basi wakazi wa Beni, tarehe 30 Desemba, wakatengeneza uchaguzi wao wenyewe: masanduku, karatasi, foleni ndefu toka asubuhi, na mlangoni ndoo ya maji ya dawa, kila mpiga kura ananawa kwanza, ili asije mtu akasema. Picha hizo zilizunguka dunia nzima. Siku hiyo hakuna aliyelipia kuonekana, na ndiyo siku tuliyoonekana kuliko zote.

Kuna na waandishi ambao bahasha haikuwagusa kabisa, na nawataja benchi likiwa limenyamaza. Papy Mumbere Mahamba, wa redio ya jamii ya Lwemba, kule Mambasa, aliuawa nyumbani kwake Novemba 2019 baada ya kuendesha kipindi cha kuwaelimisha watu juu ya Ebola. Joël Mumbere Musavuli, mkurugenzi wa redio na televisheni ya jamii ya Babombi huko Biakato, aliuawa Agosti 2021. Hao hawakwenda Dubai. Walibaki kwenye vyumba vile vya pazia la buluu. Ukimsonya mtangazaji anayesoma haraka kwa sababu mafuta yanakwisha, wakumbuke kwanza, kisha usonye kidogo.

Mei 2021 ikaja hali ya kuzingirwa, askari na polisi wakashika ofisi za raia, na televisheni ikabadilisha nguo tu: kwenye meza ileile, nyuma ya chupa zilezile, sasa kuna magwanda. Halafu Goma, makao ya mkoa wetu, ikaanguka mikononi mwa waasi Januari 2025, gavana mpya akaweka makao yake Beni. Mamaa! Tangu siku hiyo watu wa Beni hawasemeki. Ndege za wakubwa zinatua uwanja wa Mavivi, waziri anashuka, waziri anapanda, na mpiga picha wa Beni ambaye zamani alikuwa anatafuta warsha kwa tochi sasa anachagua. Butembo tumebaki tunajiliwaza kwa biashara yetu. «Nyinyi mna gavana, sisi tuna maduka.» Moyoni tunaumia.

Na niwaambie lililoniuma kuliko. Tarehe 7 Februari 2024, nusu fainali ya Kombe la Afrika, Abidjan, Leopards wetu dhidi ya Côte d'Ivoire. Wimbo wa taifa unapigwa, wachezaji wote wanaziba midomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili vidole viwili kwenye kichwa kama bastola. Dunia ikaelewa bila mkalimani: mashariki ya Kongo watu wanauawa na wanaotazama wamenyamaza. Tulifungwa moja bila, sawa, mpira. Lakini fikirini! Beni watu wamechinjwa tangu Oktoba 2014, sisi tuna milingoti kila kilima, na habari yetu ikabidi ipande ndege hadi Abidjan ikasemwe na vijana wenye kaptura, bila neno hata moja, ndani ya dakika moja. Mlingoti wa kilimani jioni hiyo ulikuwa na nini? Sijui kwenu. Kwetu walikuwa wanarudia harusi.

Sasa vijana wananiambia mzee acha kusumbuka, televisheni imekufa, kila mtu ana simu. Kweli, motari anasimamisha pikipiki katikati ya barabara, anarusha moja kwa moja moto wa soko kabla zimamoto hawajapigiwa, huku anapumua kwenye kipaza sauti na kutukana wanaomziba. Anarusha na uongo kwa kasi ileile. Jana ameua mtu mashuhuri ambaye leo asubuhi tumemwona akinunua nyama. Huyu naye siku hizi ana kadi shingoni, kajiandikia «presse», na ameshaanza kuulizia nauli.

Kwa hiyo ndugu yangu unayesoma, hasa wewe mwenye duka, wewe mwenye harusi Agosti: utakwenda kituoni kulipia gari la bwana harusi lionyeshwe mara tatu. Nenda, ni haki yako, na likionyeshwa tutaliangalia. Ila ukifika kwenye meza ya malipo, ongeza pesa ya lita kumi za mafuta, andika kwenye risiti kwamba hizi si za harusi, ni za kamera kwenda kuangalia kile kidaraja kilichobomoka. Na ukikuta wametumia lita zako kwa warsha, njoo Furu utuambie.